Kumfundisha Mtoto Kusoma Saa



Mwezi uliopita, katika darasa letu la jioni, tulimwambia mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka kumi na mmoja, aitazame saa ya ukutani atuambie umesalia muda gani hata Sala ya Magharibi. Kijana huyu si mvivu wala si mzito wa akili. Amekwisha hifadhi juzuu tatu, na hati yake ni nzuri kuliko ya wengi waliomzidi umri. Akasimama, akaitazama saa, akanyamaza. Kisha akataja nambari isiyokuwa na maana. Wenziwe wakacheka. Nasi, badala ya kuwakanya, tukamwambia neno lisilomfaa mwalimu kulisema: kwamba ni aibu kijana mkubwa kama yeye kutoijua saa.

Siku ya pili hakuja chuoni, wala siku ya tatu. Siku ya nne alikuja baba yake, mtu mpole, akatwambia, "Maalim, mwanangu ameapa kuwa hatarudi mpaka saa ile iondolewe ukutani." Tukataka kumlaumu mtoto. Lakini mzee yule akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi, Maalim, siijui sawasawa. Mimi hutazama simu."

Maneno hayo yalitushika. Yalitukumbusha jambo letu wenyewe ambalo tumelificha kwa miaka mingi, na ambalo leo hatuna budi kulieleza, ili mzazi anayesoma ukurasa huu asije akadhani kuwa mwanawe ndiye wa kwanza.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1405 Hijria, iliyoangukia mwezi wa Mei na Juni mwaka 1985. Tulikuwa tukikaa Mombasa, nyumbani kwa nyanya yetu, na umri wetu ulikuwa miaka kumi. Mvua ya masika ilikuwa ingali inanyesha. Siku moja wingu zito lilitanda tangu alasiri, na nyumba yote ikawa giza hata ikabidi taa iwashwe. Baba alikuwa amekwenda msikitini. Nyumbani walikuwapo nyanya, ambaye macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na shangazi yetu, na mama wawili wa jirani waliokuja kufuturu pamoja nasi. Mawe ya redio yalikuwa yamekwisha nguvu, na mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, hata sauti ya mtu wa chumba cha pili haisikiki, seuze adhana.

Nyanya akatuita. "Mjukuu wangu, katazame saa. Ikiwa ni saa kumi na mbili na robo, tufuturu."

Tukaenda ukumbini. Saa yetu ilikuwa ya kutia ufunguo, yenye uso mweupe na akrabu mbili nyeusi. Tukatazama akrabu fupi: tukaiona imekaribia kabisa nambari sita, na nambari sita tulikwisha sikia kuwa ndiyo saa kumi na mbili. Tukatazama akrabu ndefu: iko juu ya nambari nane, na nane mara tano ni arubaini. Basi tukarudi mbio, tukisema kwa furaha, "Nyanya, ni saa kumi na mbili na dakika arubaini! Wakati umetupita!"

Nyanya alistaajabu, lakini hakushuku, kwani giza lilikuwa giza kweli. Akasema kuwa bila shaka mvua imeifunika adhana, na kuwa si vema kuichelewesha futari. Wakafungua kwa tende na maji, wakala kaimati, wakasimama kusali. Walipomaliza, mvua ikanyamaza kwa ghafula. Wingu likapasuka upande wa magharibi, na mwanga wa jua wa rangi ya manjano ukaingia kwa mlango wa uani hata juu ya mkeka waliokuwa wamekaa. Hakuna aliyesema neno. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya Magharibi ikasikika.

Haikuwa saa kumi na mbili na dakika arubaini. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini.

Baba aliporudi alikwenda kumwuliza Sheikh, na Sheikh akajibu kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii: hawana dhambi, kwani walidhani kwa dhana njema kuwa jua limekuchwa, lakini siku ile wailipe. Akawafariji kwa kuwasimulia habari iliyopokewa kwa Bibi Asmaa binti Abubakar, kuwa hata katika zama za Mtume, Rehema na Amani zimshukie, watu walipata kufuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Basi baada ya Idi, wanawake wale wanne walifunga siku moja kwa ajili ya kosa la mtoto mmoja. Nyanya, ambaye alikuwa mzee na dhaifu, aliifunga siku ile, nasi tukamwona mchana kutwa amejilaza, wala hakutugombeza. Alisema tu, "Mwenye kosa ni mimi. Nimemtuma mtoto kazi asiyofundishwa."

Lakini watoto wa mtaani hawakuwa na huruma ya nyanya. Walitupa jina la Bwana Saa. Na kwa sababu ya jina hilo, tulikaa miaka minne bila ya kumwomba mtu yeyote atufundishe. Tulijifunza hila badala ya kujifunza saa. Mtu akituuliza, "Saa ngapi?" tulimjibu, "Kwani yako imesimama?" ili aseme mwenyewe. Tuliwafuata wenzetu walipoondoka, tukaketi walipoketi. Twajua, basi, alivyoona moyoni mwake kijana yule wa chuoni kwetu. Na kwa kuwa tulijua, kosa letu la kumtahayarisha lilikuwa kubwa zaidi.

Sasa na tuulize: kwa nini mtoto mwenye akili, anayehifadhi Qurani na kujua hesabu, ashindwe na chombo ambacho watu wazima hukitazama kwa nukta moja tu wakapata jawabu? Sisi twasema kuwa sababu ni hii: watu wazima wamesahau kuwa saa si somo moja. Ni masomo manne yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na mtoto hutwikwa yote kwa mara moja.

Somo la kwanza ni kwamba nambari moja ina maana mbili. Mtoto amefundishwa kuwa tatu ni tatu. Anapofika kwenye saa, anaambiwa kuwa akrabu fupi ikiwa hapo ina maana moja, na ndefu ikiwa hapo hapo ni dakika kumi na tano. Uso wa saa umeandikwa nambari za saa tu. Nambari za dakika hazikuandikwa, bali yataka mtu azitoe kichwani kwa kuzidisha kwa tano.

Somo la pili ni kwamba akrabu fupi haisimami juu ya nambari yake, ila kwa muda mdogo tu. Muda mwingine wote iko njiani. Ndefu huuzunguka uso mzima katika saa moja, na katika muda huo fupi husogea kutoka nambari moja hata nambari ya pili. Mtoto akiiona iko kati, huishika nambari iliyo karibu zaidi. Hilo ndilo kosa letu la siku ya futari, na kila mwaka twaliona likifanywa na watoto wengine vile vile.

Somo la tatu ni lugha yenyewe: na robo, na nusu, kasorobo, kasoro dakika kumi. Neno kasoro lina maana ya upungufu, yaani tunaitaja saa ambayo haijafika bado, kisha twaipunguza. Mtu mzima halioni jambo hilo, kwa kuwa amelizoea. Mtoto hulisikia jina la saa kumi na mbili likitajwa, naye hudhani kuwa saa hiyo imekwisha ingia.

Somo la nne ni letu sisi wasemao Kiswahili. Twahesabu mchana tangu jua kuchomoza, na usiku tangu jua kutua. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza kutimia baada ya jua kutoka, na saa moja ya usiku vile vile baada ya jua kutua. Hesabu hii yalingana na nchi yetu iliyo karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Lakini saa za ukutani zimetiwa kwa hesabu nyingine, inayoanza katikati ya usiku. Kwa hiyo akrabu fupi inapokuwa juu ya saba, mtoto aambiwa aseme moja. Inapokuwa juu ya mbili, aseme nane. Akienda skuli akafundishwa kwa Kiingereza, aambiwa saba ni saba. Akirudi nyumbani akisema saba, huchekwa.

Wala haifai mtu kudhani kuwa hesabu yetu ni ya kijinga. Zamani katika dola ya Uthmaniya watu walizitia saa zao kumi na mbili kamili jua linapotua, na siku ya Kiislamu huanza wakati huo huo; ndiyo maana twasema usiku wa Ijumaa, tukikusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Saa iliyotiwa hivyo, akrabu fupi ikifika kwenye moja, huwa ni saa moja ya usiku, kama tusemavyo sisi. Uturuki iliiacha desturi hiyo rasmi mwaka 1926. Basi hesabu ya wazee wetu haina ila. Ni uso wa saa tu ambao umetiwa kwa hesabu nyingine. Mtoto aelezwe hivyo, asiachwe akidhani kuwa nyumbani kwao wanakosea au kuwa skuli wanadanganya.

Wengine watatuuliza, "Maalim, ya nini taabu hii? Siku hizi simu huandika nambari wazi wazi." Twajibu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza, kuzisoma nambari si kuujua wakati. Twamjua kijana mmoja aliyepata barua ya Kiingereza ya kuitwa kuulizwa habari za kazi, nayo imeandikwa 8:00. Watu wa nyumbani kwao wakasoma nane, wakasema ni saa nane. Kijana akavaa vizuri, akafika saa nane ya mchana, akaambiwa kuwa wenziwe waliulizwa tangu saa mbili ya asubuhi na kazi imekwisha pata mtu. Simu ilikuwa mfukoni mwake, na nambari zake zilikuwa sahihi. Na mama aliyepewa dawa ya mtoto, akaambiwa ampe kila baada ya saa nane, yampasa kujua kuwa akianza saa kumi na mbili ya asubuhi, ya pili ni saa nane ya mchana, na ya tatu ni saa nne ya usiku. Asiyeujua mzunguko wa saa atampa mtoto dawa mara moja kwa siku, kila ifikapo saa nane, naye adhani kuwa ametii.

Jambo la pili, nambari za simu humwambia mtu sasa ni saa ngapi, lakini hazimwonyeshi kilichosalia. Kwenye uso wa saa, robo ya saa ni kipande cha duara ambacho jicho hukiona, kama mtu aonavyo kipande cha mkate kilichobakia sahanini. Mwenye kuutazama huona muda ukipungua. Nasi Waislamu, ambao Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufaridhia Sala kwa nyakati zilizowekwa, tuna haja ya kuuona muda uliosalia zaidi ya watu wote. Wanavyuoni wetu hawakulichukua jambo hili kwa wepesi. Misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuzijua nyakati. Ibn ash-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, katika nchi ya Sham, naye mwaka 773 Hijria, sawa na mwaka 1371 Miladia, alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Ikiwa kuujua wakati ni elimu ambayo mtu kama yeye aliitumikia umri wake, mtoto wa miaka kumi asichekwe kwa kuikuta ngumu.

Sasa tueleze njia ya kumfundisha. Njia hii hatukuibuni sisi. Tuliipata tulipokuwa na miaka kumi na minne, kwa fundi saa mmoja aliyekuwa akikaa barazani na meza yake ndogo. Tulipelekwa kwake na saa ile ile ya nyanya, ilipoharibika. Aliitambua aibu yetu kwa namna tulivyoyakwepa maswali yake, wala hakusema neno. Alichukua saa kuukuu iliyokatika akrabu ndefu, akatuwekea mbele, akasema, "Hii ina akrabu moja tu. Nisomee hii." Tangu siku hiyo tulianza kuelewa.

Kwanza, mwanzie mtoto na jua, si na saa. Simamisha kijiti uani asubuhi, mweke alama penye ncha ya kivuli, kisha tena adhuhuri, na tena alasiri. Ataona kuwa wakati ni kitu kinachokwenda na kuwa waweza kupimwa. Na hapa pana jambo la kupendeza. Akrabu za saa huzunguka kama zifanyavyo kwa sababu katika nchi za kaskazini, ambako saa za mitambo zilianza kutumika, kivuli cha saa ya jua huzunguka hivyo. Lakini huku kwetu Mombasa, jua hupita upande wa kaskazini yetu kuanzia Machi hata mwanzo wa Oktoba, na kivuli huzunguka kinyume cha akrabu za saa. Miezi iliyobakia hulingana nazo. Basi mtoto akiizungusha saa kinyumenyume, usimwite mjinga. Huenda amekitazama kivuli vizuri kuliko wewe.

Pili, mpe saa yenye akrabu fupi peke yake. Kata duara katika boksi la karatasi ngumu, andika nambari, tia akrabu moja kwa pini. Mfundishe maneno matatu tu: imefika, imepita, haijafika. Fupi ikiwa juu ya nambari, imefika. Ikiwa imeivuka, imepita. Ikiwa kabla yake, hata kwa unene wa unywele, haijafika. Mkazanie neno hili la mwisho kwa wiki nzima, kwani laiti tungelijua sisi, nyanya yetu asingelilipa siku ile. Wala usione kuwa akrabu moja ni mchezo. Saa za mitambo za zamani huko Ulaya zilikuwa na akrabu moja tu kwa muda mrefu, na akrabu ya dakika ilienea baada ya Mholanzi Huygens kutengeneza saa ya timazi mwaka 1656. Ikiwa watu wazima walitosheka na akrabu moja kwa vizazi vingi, mtoto naye apewe japo wiki mbili.

Tatu, mtoto akiwa hakosei tena, mwongezee akrabu ndefu. Hapo mwimbishe hesabu ya tano tano, kama tuimbishavyo herufi chuoni, huku kidole chake kikipita juu ya nambari: tano, kumi, kumi na tano, mpaka sitini. Mweleze kuwa sitini ni hesabu ya kale sana, iliyotumiwa na watu wa Babeli, na kuwa ina faida kubwa, kwani hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano na kwa sita bila ya kubakisha. Nusu yake ni thelathini, robo yake ni kumi na tano. Mkate wa dakika sitini waweza kugawiwa watu wengi pasiwe na ugomvi.

Nne, fundisha kasoro. Akrabu ndefu ikiwa upande wa kulia, ikishuka, tunaitaja saa iliyopita na kuongeza dakika. Ikiwa upande wa kushoto, ikipanda, tunaitaja saa ijayo na kupunguza. Lakini kabla hajasema lolote, mtoto arejee kwenye akrabu fupi na ajiulize: imefika, imepita, au haijafika? Fupi ndiye shahidi wa kwanza; ndefu huja kuueleza ushahidi wake.

Tano, ndipo umfundishe kugeuza hesabu. Laza kalamu juu ya uso wa saa, ipite katikati. Ncha moja ikiwa kwenye saba, ya pili itakuwa kwenye moja. Moja ikiwa kwenye kumi, ya pili iko kwenye nne. Nambari inayotazamwa na akrabu ni ya Kiingereza. Iliyo mkabala wake ni yetu. Dakika hazibadiliki. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake, hatakuwa na haja ya kuongeza sita na kupunguza sita kichwani, jambo ambalo huwachanganya hata wakubwa.

Nyinyi akina baba na akina mama, msimfanyie mtoto mtihani mbele ya wageni. Akikosea, msimpige wala msimfananishe na nduguye. Mpeni kazi ya kweli nyumbani kila siku: awaambie wakati wa kuepua chungu, wakati wa kumwamsha babu, dakika zilizosalia kabla ya adhana. Na mtoto akiendelea kukosea muda mrefu, mtazameni macho yake kwanza, huenda hazioni akrabu zenyewe toka mbali. Pia wapo watoto ambao kulia na kushoto huwapotea, na hao huhitaji miezi ambapo wengine huhitaji wiki. Hilo si dhambi yao.

Nawe kijana uliye mkubwa, unayesoma ukurasa huu peke yako na unajijua mwenyewe, twakwambia kama ndugu: usikae miaka minne kama tulivyokaa sisi. Kata duara la karatasi usiku huu, uanze na akrabu moja. Hila za kuificha aibu ni taabu kuliko kujifunza.

Ama kijana wetu wa chuoni, tulikwenda kwao wenyewe, tukamtaka radhi mbele ya baba yake, tukamsimulia habari ya nyanya na futari. Alicheka kidogo, kisha akauliza kama wanawake wale walikasirika. Amerudi darasani. Saa ingali ukutani, lakini kando yake tumetundika duara la karatasi lenye akrabu moja, na watoto wote hulisoma, hata wale waliomcheka, ambao tumegundua kuwa watano kati yao walikuwa hawajui pia. Yeye sasa yuko katika hatua ya nne, na kasoro ingali ikimtatiza siku nyingine. Baba yake naye huja Alhamisi jioni, huketi nyuma karibu na mlango, akisema kuwa amekuja kumngojea mwanawe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe subira ya kufundisha, na atusamehe tuliowatahayarisha watoto wa watu. Wassalaam.